Nyama ya pori juu, mafuta ya vidanji chini: wenye kamyo wa RN4 wasiseme hawajui

Kamyo inayotoka Mambasa kuelekea Beni na Butembo inajulikana hata mbele ya kuonekana. Moteri inalia kwa kuchoka, mbao zimepangwa hadi juu, na juu ya mbao wamekaa abiria wenye vumbi kichwani. Chini ya turubai, katikati ya magunia ya kakao na mikungu ya ndizi, kuna mzigo ambao hauandikwi kwenye karatasi yoyote: nyama ya pori iliyokaushwa kwa moshi, imefungwa ndani ya majani ama ndani ya mfuko wa simenti. Na pembeni, karibu na gurudumu la akiba, inaning'inia bidoni ya njano iliyo tupu. Wakati wa kwenda ilijaa mafuta meusi ya vidanji. Imeuzwa njiani kwa wapasua mbao.

Mwenye kamyo hayupo hapo. Yuko nyumbani Butembo, Bunia ama Kisangani, anangoja hesabu. Akiulizwa juu ya nyama, jibu lake ni moja: hayo ni mambo ya dereva. Akiulizwa juu ya mafuta, jibu ni fupi zaidi: hayo ni mambo ya garaji.

Majibu hayo mawili yamezoeleka sana katika miji yetu ya mashariki hata hakuna anayeyashangaa tena. Lakini hayasimami. Mwenye kamyo wa RN4 ni mtu anayejua kila kitu kuhusu gari lake. Anajua ni litri ngapi za mazutu zimeingia na ngapi zinapaswa kubaki gari likifika Nia-Nia. Anapiga simu Epulu, anapiga simu Mambasa, anapiga simu Komanda. Pneu moja ikibadilishwa Bafwasende bila ruhusa yake, dereva atajieleza siku tatu. Mtu wa namna hiyo, anayehesabu hadi bulo za gurudumu, hawezi kushindwa kujua kwamba gari lake linabeba nyama kila safari.

Ukweli ni kwamba nyama ile inamfaa. Dereva na msaidizi wake wanalipwa kidogo, na patroni anawaacha wajazie mshahara kwa mzigo wao wenyewe. Kwa hesabu ya biashara, ni mshahara unaolipwa na pori badala ya kulipwa na mwenye gari. Tena kipande kizuri hakiuzwi; kinapelekwa kwa patroni mwenyewe. Katika nyumba za wakubwa, nyama ya nyati ama ya ngurube wa pori kwenye sikukuu ya mwaka mpya ama kwenye harusi ya binti ni alama ya mtu aliyefika. Ng'ombe kila mtu anaweza kununua. Mguu wa nyati unaonyesha kwamba unajulikana hadi ndani ya pori.

Na kuna hatua nyingine, ile isiyosemwa mezani. Wenye magari wamoja hawangoji nyama iletwe, wanaiagiza. Dereva anaondoka na risasi za bunduki ya kalibre 12, anaziacha kwa muwindaji kando ya barabara, na safari ya kurudi anachukua malipo kwa nyama. Muwindaji hana bunduki yake wala risasi zake. Anafanya kazi kwa deni. Kila anayejua namna biashara ya nyama ya pori inavyokwenda katika misitu ya Afrika ya Kati anajua mpango huo: anayepiga risasi ni maskini, anayeitoa risasi yuko mjini. Siku ya kukamatwa, anayefungwa ni yule wa kwanza.

Uwindaji wenyewe si dhambi, na sheria ya Congo haijasema hivyo. Sheria namba 82-002 ya tarehe 28 mei 1982 inaruhusu kuwinda, kwa masharti: kuwa na kibali, kuheshimu majira ya kufunga na kufungua uwindaji, kutotumia sumu wala moto, kutogusa wanyama wanaolindwa kabisa. Inchi ina hata maeneo yaliyotengwa kwa ajili ya uwindaji, kama yale yanayozunguka hifadhi ya Garamba ama lile la Rutshuru kando ya Virunga. Mtu mwenye makuta na mapenzi ya kuwinda wanyama wakubwa ana njia ya kisheria ya kuomba. Lakini ni wenye kamyo wangapi kati ya wale wanaojisifu juu ya nyati wao walishawahi kuingia ofisi ya mazingira kuuliza kibali kinauzwa bei gani?

Tena tusichanganye watu. Wambuti wa Ituri wanaoingia pori na nyavu zao, wanawake wakipiga kelele kusukuma wanyama na wanaume wakingoja nyuma ya wavu, wanapata mboloko kwa ajili ya kula na kubadilishana na wakulima kwa ndizi na mihogo. Wameishi hivyo vizazi na vizazi na wanyama hawakwisha. Kilichobadilika si wavu. Kilichobadilika ni barabara na kamyo. Mboloko aliyekuwa analiwa kijijini leo analiwa Butembo, na tumbo la Butembo halina mwisho.

Barabara hiyo inapita katikati ya Hifadhi ya wanyama ya Okapi. Hifadhi iliundwa mwaka 1992, ina zaidi ya kilomita za mraba 13,000, iliingizwa na UNESCO kwenye orodha ya urithi wa dunia mwaka 1996, na mwaka uliofuata ikawekwa kwenye orodha ya urithi ulio hatarini. Haijatoka humo hadi leo. Okapi mwenyewe haishi kwa hali ya pori katika inchi nyingine yoyote. Jike lake linabeba mimba miezi 14 hadi 15 na linazaa mtoto mmoja tu. Jike la tembo linabeba miezi 22. Kamyo, hata ile mbovu ya kutisha, inaweza kwenda na kurudi mara nyingi katika miezi hiyo. Hapo ndipo hesabu inakataa: pori linazaa kwa miaka, kamyo inabeba kwa wiki.

Wakaaji wa Epulu hawahitaji kufundishwa hayo. Tarehe 24 juni 2012, kundi la Mai-Mai Simba la Paul Sadala, yule aliyeitwa Morgan, lilivamia kituo cha hifadhi. Watu waliuawa, wakiwemo walinzi, nyumba zilichomwa, na okapi wote 14 waliokuwa wakitunzwa pale walikufa. Morgan aliishi kwa pembe za tembo na dhahabu, na alikasirishwa na walinzi waliokuwa wanamfungia njia. Pembe za tembo hazitembei kwa miguu hadi mpakani. Zinahitaji gari, mazutu, dereva asiyeuliza, na mwenye gari aliyezoea kusema hayo ni mambo ya dereva. Anayefumba macho juu ya mguu wa ngurube leo amekwisha kufundisha mikono yake namna ya kufumba juu ya pembe kesho.

Kuna pia jambo la afya, na kwa watu wa Beni na Butembo hilo si somo la vitabu. Ebola iliyotangazwa Mangina tarehe 1 agosti 2018 ilimalizika tu tarehe 25 juni 2020, baada ya kuua zaidi ya watu 2,200. Hakuna haja ya kudai kwamba ilikuja na kamyo fulani. Inatosha kukumbuka kile timu za afya zilikuwa zinarudia kila siku: kirusi hiki kinaweza kumtoka mnyama wa pori kumwingia mtu kupitia damu na nyama mbichi. Na nyama inayosafiri siku tatu chini ya turubai, nusu imekauka, nusu inatoa maji, inashikwa na mikono mingapi mbele ya kufika sokoni?

Sasa mafuta.

Kwanza heshima inayostahili. Fundi wa garaji wa Butembo ama Bunia hatupi kitu. Pneu iliyokufa inakuwa kiatu ama kamba ya kufungia mzigo, rezo iliyovunjika inakuwa jembe ama kisu, na mafuta yaliyotolewa ndani ya moteri yanapata mnunuzi mbele hata ya kupoa. Kamyo kubwa ya mazutu inatoa kati ya litri 25 na 40 kila vidanji. Kwa barabara kama ya kwetu, yenye vumbi na milima na gia ya kwanza toka asubuhi hadi jioni, vidanji inapaswa kufanywa mapema kuliko kitabu cha kiwanda kinavyosema. Hesabu hiyo mwenye gari aipige mwenyewe kwa magari yake yote, aone ni mapipa mangapi kwa mwaka.

Mafuta hayo yanakwenda wapi? Sehemu inanunuliwa na wapasua mbao kwa ajili ya kulainisha mnyororo wa tronsonezi. Sehemu inapakwa kwenye nguzo za nyumba na za uzio ili mchwa wasiile miti. Sehemu inachomwa kwenye tanuru za matofali. Wafugaji wamoja wanapaka mbuzi mwenye ukurutu, na hata, Mungu awasamehe, wazazi wanapaka mtoto mwenye vidonda vya kichwani. Sehemu inachanganywa na mazutu na kurudishwa kwenye tanki. Sehemu inachujwa kwa kitambaa, inawekwa ndani ya bidoni safi yenye etiketi, na inauzwa kama mpya. Na ile isiyopata mnunuzi inamwagwa kwenye mtaro nyuma ya garaji.

Si matumizi yote yaliyo sawa, na hapa ndipo mjadala wetu kila mara unakuwa mbaya, sababu watu wa mazingira wanalaumu yote kwa pamoja na watu wa garaji wanatetea yote kwa pamoja.

Mafuta ya moteri ya mazutu hayawi meusi kwa uchafu wa kawaida. Ule weusi ni masizi ya moto wa ndani ya silinda, chembe ndogo sana zisizoonekana kwa jicho, ambazo hakuna kitambaa cha dunia hii kinachoweza kuzishika. Pamoja na masizi kuna vyuma vilivyosagika kutoka kwenye sehemu za moteri, mazutu ambayo haikuungua, maji, na asidi. Dawa zilizowekwa na kiwanda ndani ya mafuta, zile za kusafisha na kupigana na asidi, zimekwisha kazi. Kwa hiyo yule anayechuja kwa kitambaa na kuuza kama mpya anauza rangi tu. Mafuta yametulia, yamekuwa mazuri kuangalia, lakini nguvu ya kulinda moteri haimo tena. Kuyarudisha kuwa mafuta mapya kunawezekana, dunia inafanya hivyo, lakini kwa kiwanda: yanapashwa moto ndani ya mtambo usio na hewa, yanatenganishwa, yanasafishwa tena kwa njia za kikemia. Si kazi ya kitambaa na usiku mmoja wa kungoja.

Matokeo yake mwenye gari anayalipa mwenyewe, ila hajui kwamba ndiye aliyejiuzia. Garaji yake inauza vidanji kwa bei ndogo, bidoni inazunguka sokoni, inarudi na etiketi, na fundi yule yule ananunua kwa bei ya mafuta mapya kwa makuta ya patroni. Moteri inakufa. Na moteri ya RN4 haifi mbele ya mlango wa nyumba. Inakufa njiani, wakati mwingine katikati ya Komanda na Luna, pale ambapo ADF wamekwisha kuchoma magari na kuua abiria, na ambapo kulala njiani si jambo la kuchekesha. Wenye magari wanaoomba jeshi liwasindikize, na wana haki ya kuomba, wangeangalia pia ni nini wanaweka ndani ya moteri mbele ya kuondoka.

Juu ya kuchanganya na mazutu, watu wa kamyo za zamani wanasema moteri inavumilia. Ni kweli kwa sehemu. Moteri ya zamani yenye pompu rahisi inaweza kula kitu kibaya na kuendelea, ikitoa moshi mweusi ambao watoto wa njiani wanaupumua. Lakini magari mapya yanasukuma mazutu kwa mgandamizo unaopita baa 1,500, kupitia matundu madogo kuliko ncha ya sindano. Majivu ya mafuta ya vidanji yanayakwangua na kuyaziba. Bei ya injekta moja tu inameza faida yote ya litri zile zilizookolewa.

Na juu ya ngozi ya watu na wanyama, hapo hakuna mjadala. Shirika la kimataifa la utafiti wa saratani liliweka mafuta ya madini yasiyosafishwa, ama yaliyosafishwa kidogo, kwenye kundi la vitu vinavyoleta saratani kwa binadamu, na mafuta yaliyochoka ndani ya moteri yanaongeza juu yake vyuma na masizi. Fundi anayenawa mikono kwa mazutu kisha anakula muhogo kwa mikono ile ile amekaa ndani ya hatari hiyo miaka 20. Hakuna patroni anayemnunulia glavu.

Maji nayo yana hadithi yake. Butembo ni mji wa vilima. Kila kinachomwagwa juu kinateremka na mvua, na bonde kubwa la mji ni la mto Kimemi. Bunia ina Nyamukau. Wataalamu wanasema mafuta ya vidanji moja ya gari dogo, litri nne hivi, yanaweza kuharibu mamilioni ya litri za maji matamu. Sheria namba 11/009 ya tarehe 9 julai 2011 juu ya misingi ya kulinda mazingira inampa kila anayezalisha takataka jukumu la kuzishughulikia. Anayezalisha, kwa lugha ya kawaida, ni mwenye moteri.

Lakini linalopaswa kuwakosesha usingizi wenye kamyo zaidi ya yote ni namna mambo haya mawili, nyama na mafuta, yanavyoshikana mikono.

Bidoni ya vidanji inapanda na kamyo hadi Mambasa ama Biakato. Inanunuliwa na mpasua mbao, sababu mafuta mapya ya mnyororo ni ghali na vidanji inapatikana. Tronsonezi inaingia pori, na mafuta yale yanarushwa na mnyororo, tone kwa tone, kwenye udongo na vijito ambamo watu wa kambi wanachota maji. Mti unaanguka. Ili kutoa mbao, njia inafunguliwa hadi barabarani. Kwenye njia hiyo muwindaji anapita, sasa anafika mahali ambapo jana alihitaji siku mbili. Wapasua mbao wenyewe wanakula nini kambini? Nyama. Kisha mbao zinatoka, nyama inatoka nyuma yake, na kamyo ile ile iliyoleta bidoni inabeba vyote kuviteremsha. Mwenye gari amepata mara tatu: kwenye bidoni, kwenye mbao, kwenye nyama. Hakutoka nyumbani kwake. Hakushika bunduki, hakushika tronsonezi. Lakini ondoa kamyo yake, na mnyororo wote unakatika.

Ndiyo sababu jibu la "mambo ya dereva" halikubaliki.

Wapo wanaosema hata huko Ulaya na Marekani watu wa magari ya mazutu wanapenda uwindaji na wanatumia mafuta yao mara mbili. Ni kweli, na mfano huo unastahili kuangaliwa hadi mwisho wake. Huko Marekani, mwenye pikapu ya mazutu anayependa kuwinda wanyama wakubwa ananunua kibali kila msimu, anaambiwa ni mnyama gani, dume ama jike, mwezi gani, na akipita hapo anaweza kunyang'anywa silaha na gari. Toka mwaka 1937, sheria ya huko inachukua kodi ya asilimia 10 hadi 11 kwenye bei ya bunduki na risasi na kuipeleka kwenye kulinda wanyama. Mafuta yake ya vidanji anayarudisha kwenye duka la vipuri, na maduka mengi yanayapokea bure. Wapo pia huko wanaoyachuja na kuyachoma ndani ya moteri zao, na mafundi wao wanawaonya vile vile. Kwa hiyo anayetaka kuiga huko aige pamoja na kibali na kodi, asichague tu ile sehemu yenye nyama.

Wenye kamyo wana malalamiko yao, na si ya uongo. Barabara ikinyesha inakuwa shimo. Gari linaweza kukaa wiki nzima kwenye matope. Barieri ni nyingi kuliko vijiji, na kila moja ina kitabu chake cha risiti ama haina kabisa. Vita vimewamaliza wengi. Aliyekopa benki akanunua kamyo, ikachomwa kwenye msafara, hana mtu wa kumlipa. Kumhubiria mtu kama huyo juu ya okapi ni rahisi kwa anayekaa ofisini. Na kwenye barieri ile ile ambapo nyama ingepaswa kukamatwa, mara nyingi inakatwa kipande na kamyo inaendelea. Dereva anajua ni barieri gani inapenda nyani na gani inapenda ngurube. Serikali inayomwambia mwenye gari aheshimu sheria ingeanza kwa kuwalipa vizuri walio kwenye kamba.

Yote hayo ni kweli, na bado hayajibu swali. Matope ya Nia-Nia hayamlazimishi mtu kutuma risasi. Usumbufu wa barieri hauelezi kwa nini bidoni ya vidanji inauzwa kwa mama anayempaka mtoto wake.

Yanayoweza kufanywa hayahitaji mradi wa wazungu wala semina ya hoteli. Wenye magari wana sauti ndani ya FEC, madereva wana ACCO. Vikundi hivyo vikitaka kupinga bei ya mazutu vinajua kufunga mji siku moja. Vinaweza kukubaliana kwamba mkataba wa dereva uandikwe, uwe na mshahara unaotosha, na uwe na sharti moja wazi: nyama ya pori haipandi. Dereva asiye na njaa ana nguvu ya kusema hapana kwa mfanyabiashara wa Epulu. Bila mshahara huo, sharti litabaki karatasi, na patroni atakuwa amejipatia kisingizio kipya.

Kwa mafuta, jambo la kwanza ni pipa. Pipa moja lenye kifuniko ndani ya kila garaji, na daftari: zimetoka litri ngapi, amechukua nani, kwa kazi gani. Kupaka nguzo ya uzio iliyo mbali na kisima si sawa na kumwaga mtoni, na hakuna mtu mwenye akili atakayepeleka polisi kwa mwenye nguzo. Lakini mafuta kwenye ngozi, mafuta ndani ya mtaro, mafuta ndani ya bidoni yenye etiketi ya uongo, hayo matatu yanaweza kukomeshwa mwezi huu huu na wenye garaji wenyewe, sababu wanajuana kwa majina. Bidoni yenye etiketi ni rahisi zaidi: itobolewe ikishamwagwa. Wezi wa etiketi wanaishi kwa bidoni nzima zinazookotwa.

Kuhusu mapipa yanapojaa, wamoja wanapendekeza kuyapakia kwenye kamyo zinazorudi tupu kupitia Kasindi, yapelekwe kwenye viwanda vya inchi jirani, sababu tanuru za simenti zinaweza kuyachoma kwa joto linalopita digrii 1,400. Wazo si baya, lakini lina mlango wake. Mkataba wa Basel wa mwaka 1989 unayahesabu mafuta ya madini yaliyochoka kati ya takataka za hatari, na kuyavusha mpaka kunahitaji ruhusa ya maandishi ya inchi zote mbili. Huyo ndiye mtu ambaye idara ya mazingira ya jimbo ingepaswa kumsaidia kujaza karatasi, badala ya kumtoza tena kodi moja isiyo na jina.

Kabla ya hapo, kuna jambo dogo ambalo halingoji mtu yeyote. Kamyo nyingi zinafanya vidanji mbele ya kupanda tena kuelekea Mambasa. Siku hiyo mwenye gari aende garaji mwenyewe, akae kwenye benchi mwanzo hadi mwisho, ahesabu bidoni zinazotoka chini ya moteri yake, na aulize moja moja inakwenda kwa nani. Kisha afungue kabini na aangalie nini kimefichwa nyuma ya kiti cha dereva, ndani ya katoni ndogo zilizo nzito kuliko ukubwa wake.